Subaru WRX Itulie Kwenye Kona: Mwongozo Kamili wa Kubadili Springi, Shokapu na Stebilaiza

Malalamiko ni yale yale, yawe yametoka Nairobi, Arusha au Kampala. Mtu amenunua Impreza WRX, akaweka springi fupi na rimu za inchi 18, na sasa gari linaruka kwenye kila kiraka cha lami. Linavuta upande mmoja akishika breki, na kwenye kona pua inakataa kugeuka kuliko hata lilipokuwa la kiwandani. Hela imekwenda, raha haikuja.

Karibu kila mara tatizo ni mpangilio wa kazi. Watu huanza na kinachoonekana, yaani urefu wa gari kutoka chini, na bushi (raba za kwenye maungio), matairi na alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu) huachwa mwisho au husahaulika kabisa. Hapa tunafuata mpangilio wa kinyume.

Gari tunalolizungumzia ni WRX ya miaka ya 2000 hadi 2007, ile inayoitwa GDA ikiwa saluni na GGA ikiwa wagoni. Mbele na nyuma zote zina shokapu ndefu za kusimama, springi imezunguka shokapu yenyewe. Kizazi kilichofuata kilibadilishwa nyuma, kwa hiyo hatua za nyuma hazitakufaa kama una gari hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa nati

- Jeki ya magurudumu na stendi nne imara. Matofali na mawe si stendi.
- Soketi za milimita 12, 14, 17 na 19, na mpini mrefu wa kufungulia.
- Spana ya kupimia nguvu ya kukazia, inayofika angalau Nm 200 (Nm ni newton-mita, kipimo cha nguvu hiyo).
- Vibano viwili vya kubana springi, vizima, visivyo na kutu kwenye nyuzi.
- Funguo za pembe sita za kushikia fito ya shokapu isizunguke.
- Dawa ya kulegeza kutu, brashi ya waya, waya mgumu wa kuning'iniza vitu, na kalamu ya rangi nyeupe.
- Futi kamba, kipima upepo, daftari.

Upande wa spea: seti ya springi na shokapu (tutaona zipi), vikombe vipya vya mpira vya juu ya shokapu, mipira ya kuzuia kugota, linki za stebilaiza (fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona), na nati mpya kwa zile za kujifunga zenyewe. Vikombe vya juu ndivyo watu wanavyobania hela. Kikichoka, shokapu mpya kabisa italia "ko, ko" ukikata usukani, na utadhani umeuziwa feki.

## Hatua ya 1: Pima, kisha andika

Egesha mahali pa usawa, upepo wa matairi ukiwa ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini: tairi lililolika au lenye upepo mdogo litakudanganya.

Kisha endesha njia unayoijua, kwa mwendo halali, na uandike mambo matatu. Gari linafanya nini ukiingia kona? Likipita kwenye tuta linatulia baada ya kuyumba mara ngapi? Ukiachia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka linakwenda wapi? Daftari hilo ndilo litakalokuambia baadaye kama umepata kitu au umebadilisha kelele tu.

## Hatua ya 2: Ondoa uchovu kwanza

Gari hili sasa lina umri wa karibu miaka 20 au zaidi. Raba za ndani yake zina umri huo huo, isipokuwa kama kuna aliyezibadilisha.

Gari likiwa juu ya stendi, shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise. Likicheza, chunguza boljointi na bearingi. Lishike kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi. Halafu chukua chuma cha kukwinyua, ukikite kati ya mkono wa chini (chuma cha kulala kinachounganisha gurudumu na fremu) na fremu, ukitazama bushi kubwa ya nyuma ya mkono huo. Hiyo ndiyo inayopasuka mapema, na ndiyo inayofanya gari livute upande ukishika breki kwa nguvu, kwa sababu gurudumu zima linarudi nyuma na kubadili uelekeo wake.

Nyuma, kila upande una mikono miwili ya kulala na mmoja unaotoka mbele. Kagua bushi zote.

Chochote kilichochoka kibadilishe kabla ya kufikiria springi. Shokapu ngumu ikifungwa juu ya bushi iliyopasuka inampelekea mgonjwa kazi zaidi. Kwa gari la barabarani chagua bushi za raba za kiwandani au raba ngumu kidogo. Za plastiki ngumu zinahitaji grisi mara kwa mara, na zikikauka zinapiga kelele mpaka abiria aulize kuna nini.

Utajua hatua hii imefaulu gari likienda moja kwa moja ukishika breki, hata kabla ya kufunga kitu chochote cha kisasa. Kuna watu waliishia hapa, wakaridhika, na sioni kosa lao.

## Hatua ya 3: Matairi

Hakuna shokapu duniani inayoweza kulipa deni la tairi baya. Kila nguvu ya kugeuza na kusimamisha gari inapita kwenye vipande vinne vya raba vinavyogusa lami.

Tazama namba nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba kutoka ng'ambo linaweza kuwa na meno mazuri huku raba imeshakauka. Likiwa na umri wa miaka saba au nane, liache dukani.

Ukubwa nao una hesabu yake. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa milimita 113 hivi. 215/45R17 lina 97. Tofauti hiyo ya milimita 16 ndiyo inayookoa rimu kwenye shimo la barabara. Vipenyo vyake vinakaribiana (milimita 632 na 625), kwa hiyo spidomita haipotei sana. Kama njia zako ni za mashimo, baki na 16 na ununue tairi zuri zaidi kwa hela hiyo hiyo. Rimu za inchi 18 mimi nazihesabu kuwa mapambo.

Kuhusu rimu: gari hili lina bolti tano kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 56.1. Ukinunua rimu yenye tundu kubwa zaidi, weka pete za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu.

Onyo ambalo wauzaji hawalisemi: WRX inaendesha magurudumu yote manne, na katikati ya gia kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukifunga matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma, mzunguko hautalingana, difu hiyo itafanya kazi bila kupumzika, na itaungua. Nunua manne ya aina moja, kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 4: Chagua springi na shokapu kwa pamoja

Springi hubeba gari. Shokapu huituliza springi. Ukiweka springi ngumu kwenye shokapu ya zamani ya kiwandani, shokapu haina nguvu ya kuizuia isirudi kwa kasi. Huko ndiko kuruka kunakotoka.

Njia ya kwanza ni springi za kushusha kidogo, pamoja na shokapu mpya zilizotengenezwa kubeba springi za namna hiyo. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayekwenda kazini na gari lake. Ya pili ni shokapu za nyuzi, unazoweza kuzirekebisha urefu na ugumu. Springi za Kijapani huandikwa kwa kilo kwa milimita: springi ya 5 inahitaji uzito wa kilo 5 kushuka milimita moja. Seti zenye 8 au 10 zilitengenezwa kwa lami laini ya uwanja wa mashindano. Kwa barabara zenye matuta, tafuta 4 hadi 5.

Njia ya tatu, kukata springi, si njia. Ukipunguza mizunguko springi inakuwa ngumu, lakini ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kiti chake. Ikikatwa kwa moto, chuma kinapoteza ugumu wake na kuendelea kuzama.

Shusha kiasi gani? Usizidi milimita 25 au 30. Lala chini utazame mkono wa chini wa mbele. Likiwa la kiwandani, mkono huo unakaribia usawa. Ukishusha sana, upande wa gurudumu unapanda juu kuliko upande wa fremu. Hapo nukta ambayo gari linaizunguka likilala kwenye kona inashuka kwa kasi kuliko uzito wenyewe unavyoshuka. Uzito unapata wenzo mrefu zaidi, na gari linalala zaidi. Ndiyo maana gari lililoshushwa mpaka bodi inameza tairi hushindwa kwenye kona na lile ambalo halijaguswa. Zaidi ya hapo shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kusafiri, kwa hiyo kila shimo inagota.

Ukinunua shokapu zilizotumika, iwe Gerezani Dar es Salaam au Grogan Nairobi, simamisha shokapu na uisukume hadi chini. Inapaswa kupinga mwendo wote bila pengo lolote. Angalia mafuta kwenye shingo na mikwaruzo kwenye fito. Rangi ya springi isikutie moyo: springi za pinki za STI (toleo la WRX lenye nguvu zaidi) zinajulikana, na kopo la rangi ya pinki linauzwa kila mahali.

## Hatua ya 5: Kufungua mbele

1. Legeza nati za magurudumu kidogo gari likiwa chini. Inua, weka stendi, litikise gari kwa mkono kuhakikisha limekaa. Toa gurudumu.

2. Kwenye shokapu, fungua bolti ya kishikio cha bomba la breki na ile ya waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki). Ukisahau waya huo utaukata, na taa itawaka kwenye dashibodi.

3. Shokapu inashikwa na kifundo cha gurudumu (chuma kinachobeba gurudumu) kwa bolti mbili za 19. Ya juu si ya kawaida: ina kichwa chenye alama na umbo lisilo duara kamili, kwa sababu ndiyo inayorekebisha ulalo wa gurudumu. Weka alama ya rangi nyeupe kwenye kichwa na kwenye shokapu kabla ya kuigusa. Shika kichwa, zungusha nati. Ukizungusha kichwa kwa nguvu unaharibu umbo lake.

4. Funga kifundo kwa waya ili kisianguke nje. Kikianguka, ekseli inaweza kuchomoka kwenye joini ya ndani, na bomba la breki litavutika.

5. Ndani ya boneti, fungua nati tatu ndogo za 12 zilizozunguka kikombe. Nati kubwa ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isifyatuke. Shikilia shokapu kwa mkono mwingine unapotoa nati ya mwisho.

## Hatua ya 6: Kubana springi na kupanga upya

Hapa ndipo watu huumia. Weka vibano viwili pande mbili zinazotazamana, ukaze kimoja mizunguko michache, kisha kingine, kwa zamu. Springi ikianza kujipinda, legeza uanze upya. Usisimame upande wa ncha zake na usiinamishe uso juu yake. Kama vibano vyako vimechakaa, mpelekee fundi mwenye mashine ya kubania. Bei yake ni ndogo kuliko ya jino.

Springi ikilegea kwenye kiti, ndipo unafungua nati ya katikati. Shika fito kwa ufunguo wa pembe sita. Usiishike kwa koleo, maana mkwaruzo mdogo tu unatosha kupasua sili na shokapu ikavuja ndani ya wiki chache.

Kabla ya kufunga shokapu mpya, isukume na kuivuta taratibu hadi mwisho mara nne au tano ikiwa imesimama, itoe hewa iliyonasa wakati wa kuhifadhiwa. Panga mpira wa kuzuia kugota, kifuniko cha vumbi, springi, kiti cha juu, kikombe kipya. Ncha ya chini ya springi iguse ngazi ya kiti chake. Kiti cha juu cha mbele kina alama ya OUT: ielekee nje ya gari.

Kazi imefaulu kama springi haizunguki kwa mkono baada ya kulegeza vibano, na ncha zote mbili zimekaa mahali pake.

## Hatua ya 7: Kurudisha, na kukaza kwa wakati wake

Nati tatu za juu zinahitaji karibu Nm 20 tu. Ni ndogo, mafundi wengi huzikata kwa kuzikaza kama za gurudumu. Bolti mbili za kifundo mbele ni Nm 175 hivi, na za nyuma zinakaribia 200. Kitabu cha gereji cha mwaka wa gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Bolti hizo unaweza kuzikaza gari likiwa juu, kwa kuwa hazipiti kwenye raba.

Bolti zinazopita kwenye bushi ni jambo jingine, na wengi hukwama hapa. Bushi ya raba imegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani. Ukikaza bolti, bomba hilo linabanwa lisizunguke, na kuanzia hapo mkono ukipanda au kushuka raba ndiyo inayojipinda. Ukikaza gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia, umeiambia raba kwamba pale ndipo nyumbani. Ukilishusha, kila bushi inakuwa imeshajipinda kabla hujatoka getini. Gari linasimama juu kuliko ulivyotarajia, linakuwa gumu bila sababu, na bushi mpya zinapasuka mapema.

Kwa hiyo: kaza kwa vidole tu, rudisha magurudumu, shusha gari, lisukume juu na chini kila pembe, liviringishe mbele na nyuma mita mbili, kisha kaza bushi zote uzito ukiwa kwenye magurudumu. Ukikosa shimo la gereji, weka jeki chini ya kifundo, uinue hadi kile kipimo cha katikati ya gurudumu na tao kifike pale gari litakaposimama, ndipo ukaze.

Nati za magurudumu ni Nm 100 hivi, kwa mpangilio wa nyota.

## Hatua ya 8: Nyuma

Kazi inafanana na ya mbele. Kwenye saluni lazima utoe kiti cha nyuma ili ufikie nati tatu za juu. Kwenye wagoni unafungua plastiki za ubavuni mwa buti. Hakuna bolti ya kurekebisha ulalo, kwa hiyo huna cha kuweka alama. Kitegemeze kifundo ili bomba la breki lisibebe uzito wake.

Badilisha pande zote mbili. Shokapu moja mpya na moja ya zamani kwenye ekseli moja ni hatari ukikwepa kitu ghafla.

## Hatua ya 9: Alaimenti

Gari likishashushwa, pembe zote zimebadilika. Endesha kilomita mia moja hivi springi zikae, kisha nenda kwenye mashine, si kwa fundi wa kamba na jicho. Tangi liwe nusu, upepo sahihi, na mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva. Wakikucheka, waache wacheke.

Omba haya kwa gari la barabarani:

- Mbele: magurudumu yalale ndani kwa juu, digrii 1.3 hadi 1.5, pande zote sawa.
- Mbele: uelekeo sifuri, yasitazamane ndani wala nje.
- Nyuma: yatazamane ndani kidogo, si zaidi ya milimita 1 kila upande, ili mkia utulie kwenye mwendo.

Sisitiza kushoto na kulia vilingane, na uondoke na karatasi ya vipimo. Kituo kisichotoa karatasi kimekuuzia maneno. Mafanikio: usukani umenyooka, gari linafuata njia, na baada ya miezi michache matairi yanalika sawa ndani na nje.

## Hatua ya 10: Stebilaiza, na kwa nyuma peke yake

Subiri mpaka umeendesha wiki kadhaa. Injini ya WRX imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito na tabia ya asili ya gari ni kukataa kugeuka ukiingia kona kwa kasi. Stebilaiza nene nyuma inapunguza tabia hiyo, kwa sababu inahamishia mzigo zaidi kwenye tairi la nyuma la nje na kuyapa ya mbele nafasi ya kushika.

Ugumu wa fito hii hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kutoka milimita 20 hadi 22 ni tofauti ya milimita 2 tu machoni, lakini ugumu umepanda kwa asilimia 46. Ndiyo maana 22 inatosha. Ukiweka 24 kwa ushabiki, siku ya mvua mkia utakupita. Pia fito nene inayaunganisha magurudumu zaidi, kwa hiyo shimo la kushoto litasikika hadi kulia.

Weka linki mpya, paka raba zake grisi inayofaa raba, na ukaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Mabano ya nyuma ya kiwandani ni mepesi; ukiongeza unene wa fito, funga mabano imara pamoja nayo.

Jaribu kwenye uwanja mtupu, kwa kuzunguka duara moja la mwendo ule ule, kwanza pakavu. Pua inapaswa kuingia ndani bila kubishana, na ukiachia mafuta katikati ya duara mkia ubaki nyuma yako.

Kama una shokapu za kurekebika, ziguse baada ya hapo. Hesabu mibofyo kutoka ugumu wa mwisho ukirudi nyuma, pande zote sawa, na ubadilishe mibofyo miwili kwa wakati mmoja, mbele au nyuma, kamwe si zote pamoja.

## Baada ya kilomita 500

Kaza tena nati za magurudumu na bolti za shokapu, na upime urefu wa pembe zote nne ukilinganisha na daftari. Rekebisha taa za mbele. Gari lililoshuka mbele na nyuma kwa viwango tofauti linaangaza ama matairi yako ama macho ya mwenzako. Badilisha mafuta ya breki kwa DOT 4 kama hujui yaliwekwa lini, kwa sababu sasa utaingia kona na mwendo mkubwa kuliko zamani.

Kelele nazo zisome hivi. "Ko, ko" ukikata usukani ukiwa umesimama ni kikombe cha juu au springi isiyokaa. "Tak, tak" kwenye vishimo vidogo ni linki ya stebilaiza. Mlio wa raba asubuhi ni bushi kavu ya stebilaiza. Mgoto mzito kwenye tuta maana yake umeshusha kupita kiasi: rudisha juu milimita 10, kisha rudi kwenye mashine ya alaimenti.